Mboga za nyumbani wakati wa masika: matuta au viroba?

Mvua za masika, zinyeshazo Dar es Salaam kuanzia Machi hadi Mei, hukatisha mavuno ya bustani nyingi za nyumbani, kwa sababu maji yakituama mizizi hukosa hewa na kuoza. Matuta yaliyoinuliwa sentimita 30 hupitisha maji vizuri na huchukua matembele mengi, lakini matone makubwa bado hurusha udongo kwenye majani ya mchicha na kueneza magonjwa. Viroba vilivyotobolewa chini huchukua miche michache na, jua likirudi, hukauka haraka. Hata hivyo, husogezwa chini ya upenu mvua inapozidi, na kwa ua mdogo wa Manzese, usio na nafasi hata ya tuta moja, ningevichagua bila kusita. Mwenye kiwanja kipana Kigamboni afadhali ainue matuta.