Ramani iliyoniambia hakuna mvua

Nimetumia ramani ya hali ya hewa ya mtandaoni, ile ya kuvuta na kukuza kwa kidole, kwa misimu kadhaa ya karafuu hapa Pemba, na hadi vuli iliyopita ningemshauri kila mwenye karafuu juani awe nayo. Leo naandika nikiwa na hasira.

Asubuhi moja, karafuu zetu zikiwa na siku ya tatu juani na zimeshaanza kuwa nyeusi, nilibofya kitufe cha rada, kinachoonyesha mvua inaponyesha, kabla ya kuondoka nyumbani. Juu ya kisiwa chetu na mkondo wote wa Pemba hapakuwa na hata doa moja la buluu la mvua, kwa hiyo niliwaruhusu watoto waende skuli, nikayaacha majamvi bila mtu. Kabla ya adhuhuri mvua iliingia kutoka baharini, na tuliporudi mbio kila kitu kilikuwa kimeloa chapachapa. Karafuu zile zilikauka baadaye zikiwa zimesinyaa na kupauka, mpeta mtupu, yaani karafuu zilizoharibika.

Mvua ni ya Mungu, siilaumu. Kilichonichoma ni kugundua kwamba eneo letu lilionekana tupu kwa sababu ramani ile haikuwa na rada yoyote inayotuona. Mahali pasipo rada na mahali pasipo mvua vinaonyeshwa kwa namna ileile! Mkulima atatofautishaje? Nilipowaandikia wenye programu, nami ni mteja ninayelipa ada, nilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba nisome maelezo ya matumizi, bila salamu wala pole.

Kwa upande wa upepo, haki yao niwape. Kimbunga Hidaya kilipoielekea Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, nilikitazama katika ramani hiyohiyo kikizunguka na kusogea pwani, na ndugu zangu wavuvi wakapandisha vyombo vyao mapema. Lakini mvua ya vuli si kimbunga. Hunyesha Wete, Chake Chake kukawa kukavu. Modeli ya Marekani iitwayo GFS, yaani programu ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa, ambayo ramani nyingi za aina hii huitegemea, hutoa utabiri wake kwa miraba ya takriban kilomita 28, na mraba mmoja wa namna hiyo unaweza kuumeza upana wote wa Pemba.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeazimia kuifuta kwenye simu, na bado sijaifuta, kwa kuwa ina picha za setilaiti za Meteosat, zinazopigwa kila dakika 10 hadi 15, nazo humwonyesha mtu wingu lenyewe lilipo. Sasa nafungua hizo tu, na mtu mmoja hubaki kwenye majamvi mpaka karafuu zianuliwe. Ada ya mwaka ujao sitailipa mpaka maeneo yasiyo na rada yapakwe rangi yake.