Ukuta au mikoko?

Bahari inapanda kwa sababu mbili: maji yakipata joto hutanuka, na barafu ya nchi kavu inayeyuka. Tujikinge na nini?

Ukuta hukinga mara zege likishakauka. Barabara ya Barack Obama, iliyo kando ya bahari Dar es Salaam, iliuhitaji. Nani angengoja mche ukue huku ardhi inamegeka? Ila ukuta haukui, na wimbi likizuiwa hapa huweza kwenda kula ufukwe wa jirani.

Penye nafasi, mimi naegemea mikoko, ingawa huchelewa. Mizizi yake hunasa tope, hulea kaa na kamba, tena huficha matopeni kaboni, ile ambayo ikiwa hewani huongeza joto duniani. Kule Gazi, Kwale, nchini Kenya, wanakijiji wamekuwa wakiuza kaboni hiyo, yaani wakilipwa kwa kutunza mikoko inayoihifadhi, kupitia Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013. Sehemu ya fedha hiyo imeingia kwenye miradi ya maji na vitabu vya shule.