Usiku mmoja chini ya paa la gassho: tathmini ya malazi katika kijiji cha Ogimachi

Wageni wengi wa Ogimachi, kijiji cha wakulima kilicho kando ya mto Sho katika mkoa wa Gifu nchini Japani, hushuka kwenye basi asubuhi, hupiga picha za mapaa ya nyasi, kisha huondoka kabla jua halijatua. Mimi nililala huko, katika nyumba ya wageni inayoendeshwa na familia ndani ya nyumba yao ya kale ya mbao, na tathmini hii ni ya malazi hayo. Nyumba ya aina hii haieleweki kwa kuitazama kutoka barabarani. Sharti uikute moto ukiwa umewashwa.

Mtindo wake huitwa gassho, neno la Kijapani linalomaanisha viganja vilivyokutanishwa kwa ajili ya sala, kwa sababu pande mbili za paa huinuka na kukutana juu kwa mwinamo unaokaribia nyuzi 60. Mwinamo huo si pambo. Theluji ya bonde hili hupita kina cha mita 2, nayo ikirundikana juu ya paa lililolala itaivunja nyumba.

Mgawanyo wa kazi ndio ulionivutia kuliko yote. Nguzo na boriti za vyumba vya chini zilisimamishwa na maseremala wa fani, lakini paa lilikuwa kazi ya wanakijiji wenyewe, nao hawakutumia msumari hata mmoja. Makombamoyo yamefungwa kwa kamba za mabua ya mpunga na kwa fito ziitwazo neso, ambazo husokotwa zingali mbichi na kujikaza zenyewe kadiri zinavyokauka. Ukichuchumaa kwenye ghorofa ya juu utaona kwamba ncha ya chini ya kila kombamoyo imechongwa mithili ya penseli na kutiwa katika kishimo kilichochimbwa mwishoni mwa boriti, bila kupigiliwa kitu chochote, hivyo upepo mkali unapovuma au ardhi inapotetemeka paa huyumba kidogo na kurudi mahali pake. Niliitazama ncha moja kwa muda mrefu. Mbao ilikuwa imeng'aa kwa masizi, na alama za tezo bado zilionekana.

Jioni, mama mwenye nyumba alituita sote kuzunguka meko, ambayo ni shimo la mraba lililo katikati ya sakafu, akakoleza kuni na kuning'iniza birika juu yake. Moshi ulipanda polepole na kupotea gizani juu yetu, kwa kuwa nyumba hizi hazina bomba la moshi. Alieleza kwamba moshi huo ndio unaokausha nyasi na kufukuza wadudu, na kwamba nyumba inayokaa bila moto huoza upesi. Sakafu za ghorofa za juu zimeachiwa nafasi kati ya mbao, ili joto na moshi vipite. Zamani huko juu walifugwa viwavi wa hariri. Chini ya sakafu palikuwa na kazi nyingine tena: udongo, majani na kinyesi cha viwavi vilifukiwa kwa miaka kadhaa ili kupata shura ya kutengenezea baruti. Nilikuwa nimeshasoma habari hizi, lakini kuzisikia nikiwa nimekaa juu ya sakafu yenyewe, macho yakiniwasha kwa moshi, kulinifanya nione jinsi kila tabaka la nyumba lilivyomlisha mkulima ambaye mashamba yake yalikuwa finyu.

Chakula kilikuwa kizuri: samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi, tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, na miso, rojo la soya iliyochachushwa, iliyopashwa moto juu ya jani pana. Nililipa zaidi ya yeni 10,000, milo miwili ikiwemo, na sikuona kwamba nimepunjwa.

Kasoro zipo, na msafiri anastahili kuzijua kabla ya kulipa. Vyumba vimetenganishwa kwa milango ya karatasi, kwa hiyo nilimsikia jirani akikoroma hadi alfajiri. Choo na bafu ni vya pamoja. Baridi hupenya sakafuni. Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba ghorofa za juu za nyumba niliyolala zimefungwa kwa wageni. Huo muundo wa paa nilioueleza niliuona kesho yake katika nyumba ya familia ya Wada, iliyo wazi kwa watazamaji, ambako unaruhusiwa kupanda mpaka zilipofungwa kamba. Ningeshauri ziara hiyo iwe sehemu ya safari yako, la sivyo utaondoka ukiwa umeijua nusu tu ya nyumba.

Kwa nini basi naipa nyota nne kati ya tano? Mwaka 1971 wakazi waliunda chama cha kuhifadhi kijiji na kukubaliana kwamba majengo yao hayatauzwa, hayatakodishwa wala kubomolewa, na makubaliano hayo yalitangulia kwa miaka 24 uamuzi wa UNESCO wa kukitia kijiji katika orodha ya Urithi wa Dunia. Anayekupokea mlangoni, kwa hiyo, ni mwenye nyumba, mtu ambaye paa lake litahitaji kuezekwa upya baada ya miaka 30 au 40, kazi ambayo kwa desturi yao ya msaragambo, yui, huweza kukusanya watu wapatao 200 juu ya paa moja.

Ukienda, weka nafasi mapema, kwa kuwa vyumba ni vichache. Beba soksi nene, usivute sigara karibu na majengo, na uombe chumba kilicho jirani na meko, hata kama nguo zako zitanuka moshi mpaka urudi nyumbani.