Paka au mtego: nani awatoe panya ghalani?

Kigoma, mahindi yakishaingia ndani, ubishi huu hurudi. Kwa gharama mtego unashinda: unaununua mara moja, na chambo ni kipande cha dagaa. Paka anataka dagaa kila siku, pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa. Ila paka hahitaji kutegwa upya usiku wa manane.

Kwangu mimi jambo zito ni virusi. Panya shamba, yuleyule wa mashambani kwetu, ndiye anayeeneza homa ya Lassa Afrika Magharibi, iliyotambuliwa Nigeria mwaka 1969. Virusi hutoka kwenye mkojo na kinyesi chake. Tanzania amekutwa na virusi vya Morogoro, ndugu wa Lassa, ambavyo havijulikani kuwaletea watu ugonjwa. Hata hivyo, tahadhari ni muhimu. Mzoga wa mtegoni unajua ulipo: vaa glavu, uufukie. Paka anaweza kuuacha chini ya kitanda cha mtoto. Na kinyesi, tafadhali, usikifagie kikavu. Kiloweshe kwanza kwa maji yenye klorini.

Ghala likiwa mbali na nyumba, mitego inatosha. Penye watoto wanaotambaa, mtego wa kubana ni hatari. Hapo ningefuga paka.