Chati za kurushia ndege kwenye simyuleta: za bure, za kulipia, na ninazozitumia mimi

Ukirusha ndege kwenye simyuleta kwa kufuata mstari wa rangi unaochorwa na mchezo wenyewe, chati, yaani ramani za marubani, huzihitaji. Haja inaanza pale unapotaka kutua KIA, kiwanja cha kimataifa cha Kilimanjaro, usiku, mawingu yametanda, huku ukijua kuwa Meru iko upande wa magharibi na Kilimanjaro, yenye futi 19,341, iko kaskazini-mashariki. Kwenye chati ya kutulia kuna duara dogo la maili 25 za baharini kuzunguka kiwanja. Linakwambia ukiwa upande huu usishuke chini ya futi kadhaa, na namba hiyo inakuachia angalau futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote hapo. Meru imo ndani ya duara hilo, kwa hiyo huo si urembo wa karatasi.

Sasa zinapatikana wapi? Nilipoanza kutafuta mtandaoni, matokeo ya juu yalikuwa hovyo. Tovuti moja iliahidi chati za dunia nzima bure, kisha ikataka namba ya kadi kabla ya kuonyesha hata ukurasa mmoja. Nyingine ilikuwa na mafaili yaliyoskaniwa miaka mingi nyuma, masafa ya redio hayasomeki. Acha kutafuta "chati za bure". Tafuta AIP.

AIP ni kitabu rasmi cha taarifa za anga ambacho kila nchi mwanachama wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hutakiwa kukitoa. Kina sehemu tatu: GEN (mambo ya jumla), ENR (njia za angani) na AD (viwanja). Unachokitaka wewe kiko AD 2, kimepangwa kwa herufi nne za kiwanja. HTDA ni Dar, HTKJ ni KIA, HTZA Zanzibar, HKJK Nairobi, HKMO Mombasa, HUEN Entebbe, HRYR Kigali. Andika jina la nchi, "AIP" na herufi hizo, utafika haraka. Nchi nyingine zimekiweka wazi, nyingine zinataka ujisajili, nyingine zinauza. Marekani ndiko kwenye raha: FAA, mamlaka yao ya anga, inatoa kila kitu kwa PDF, bila hata kuuliza jina lako. Kwa Ulaya kuna EAD Basic, hifadhi ya mtandaoni ya EUROCONTROL, shirika la uongozaji ndege la Ulaya, usajili wake ni bure. Na kwa sisi wa mwambao kuna hazina ambayo wengi hawaijui, nayo ni ASECNA, shirika la pamoja la uongozaji ndege. AIP yao moja inabeba nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kifaransa, mpaka Madagaska na Komoro. Mimi napenda sana safari ya Dar kwenda Moroni, na chati za Hahaya, FMCH, nilizipata huko bila kutoa shilingi.

Shida ya AIP ni kwamba kila nchi inachora kivyake. Leo unasoma chati ya rangi yenye milima iliyotiwa kivuli, kesho unapewa mistari myeusi na maandishi ya kukodolea macho. Uko futi elfu nne, unatafuta masafa ya mnara, na hapo ulipozoea kuyaona hayapo. Na mafaili mengine ni mazito, kama unatumia bando pakua mapema.

Ndiyo maana kwa anayeanza napendekeza tovuti ya ChartFox. Ni bure, unaingia kwa akaunti ya VATSIM, mtandao wa kurusha simyuleta pamoja na waongoza ndege ambao ni watu halisi (nao ni bure), unaandika herufi nne na inakuletea chati kutoka vyanzo rasmi vya nchi husika, zikiwa zimepangwa: za ardhini, za kuondokea, za kuingilia, za kutulia. Mchoro ni uleule wa AIP, lakini umeepushwa na kuhangaika kwenye tovuti za serikali. Nusu kubwa ya safari zangu naendesha hivi, chati zikiwa kwenye simu niliyoiegemeza kwenye skrini.

Kisha kuna Navigraph ya Uswidi, ya kulipia kwa mwezi au mwaka. Chati zake ni za Jeppesen, jina lililotokana na Elrey Jeppesen, rubani wa Marekani ambaye miaka ya 1930 alikuwa akiandika kwenye daftari lake urefu wa milima, minara na ukubwa wa viwanja, mpaka marubani wenzake wakaanza kulinunua. Unacholipia ni mambo mawili. Kwanza, mpangilio ni mmoja dunia nzima, jicho linajua masafa yako wapi na urefu wa mwisho wa kushukia uko wapi. Pili, ndege yako inaonekana ikitembea juu ya chati. Hilo la pili ukilionja Heathrow au Dubai, kwenye msitu wa njia za ardhini, kuliacha ni kazi. Malipo ni kwa kadi, mimi nilitumia Visa ya mtandaoni ya M-Pesa ikakubali.

Lakini jambo linalosumbua watu kuliko bei ni tarehe. Taarifa za anga hubadilishwa kila baada ya siku 28, ndio mzunguko uitwao AIRAC. Chati ya leo inaweza kuwa na njia ya kuondokea ambayo jina lake linaishia na 2A, wakati kompyuta ya ndege yako bado inaijua 1A. SimBrief, huduma ya mtandaoni ya kupanga safari, ukiitumia bure inakupangia safari kwa mzunguko wa zamani, chati umepakua za sasa, mchezo nao una data zake. Vitu vitatu, tarehe tatu. Kwenye FSX, simyuleta ya Microsoft ya 2006, ni balaa zaidi: chati za uwanja mpya wa Istanbul, LTFM, unazo mkononi, lakini kwenye mchezo uwanja wenyewe haupo, umefunguliwa 2018! Ukirusha peke yako, chati ya zamani inayolingana na simyuleta yako ina faida kuliko mpya. Ukiingia VATSIM hali inageuka, maana mwongoza ndege anasoma toleo la sasa na atakupa njia ya sasa.

Kwa hiyo mimi nafanya hivi: Afrika Mashariki na Komoro natumia AIP na ChartFox. Nikipanga mwezi wa safari ndefu za Ulaya au Ghuba, nalipia Navigraph mwezi huo, kisha nasitisha. Malipo ya mwaka waachie wanaorusha kila siku. Na chati za simyuleta zisiingie kwenye ndege ya kweli, hata ile ndogo ya rafiki yako pale kiwanja cha Wilson, Nairobi.