Kisanduku cha kemia: kizuri, ila miwani hamna

Nimemnunulia binti yangu wa kidato cha pili, duka moja Kariakoo. Jaribio la mrututu (chumvi ya shaba, ya buluu) peke yake limerudisha hela. Msumari unaupiga msasa kwanza, unautumbukiza kwenye maji ya buluu, muda si muda umevaa utando mwekundu wa shaba: chuma kimeifukuza shaba na kukaa mahali pake. Ukiuacha mpaka kesho, ubuluu unafifia.

Mtengano, yaani kitu kimoja kuvunjika kuwa viwili au zaidi, upo pia. Kaboneti ya shaba, ya kijani, ukiichoma inabaki unga mweusi, na gesi inayotoka inageuza maji ya chokaa kuwa meupe. Muungano, yaani vitu viwili kuwa kimoja, ni utepe wa metali ya magnesi unaoungana na oksijeni ya hewa na kuungua kwa mwanga mkali, usiukodolee macho. Na hapo ndipo waliponiudhi: miwani ya kinga hawakuweka! Nyota tatu.