Plastiki ya Evergreen kwa vyombo vya anga: anza na fito na mirija

Anayejenga injini, antena na vikorokoro vya modeli ya chombo cha anga kwa mikono yake, bila kunyofoa sehemu kwenye modeli nyingine, mara nyingi huishia kwa Evergreen, kampuni ya Marekani inayouza polistairini nyeupe. Shiti zake ni inchi 6 kwa 12, fito na mirija ni urefu wa inchi 14. Vipimo vingi vimepangwa kwa inchi, kwa hiyo shika hivi unene wa shiti: 010 (yaani inchi 0.010) ni milimita 0.25, 020 ni 0.5, na 040 ni 1.

Weka pesa kwenye fito na mirija kwanza. Fito ya milimita 0.5 kwa 1 ukiikata mwenyewe kutoka kwenye shiti, upana wake hupanda na kushuka. Zikipangwa ishirini sambamba ubavuni mwa chombo, jicho linaona. Za pakiti zinalingana. Ukitaka vipande vingi vya urefu mmoja, gundisha kizuizi kwenye ubao wa kukatia, sukuma fito mpaka ikiguse, kata kwa wembe uliosimama wima. Wembe ukilala kidogo, kila kipande kinatoka na mshazari, na hutauona mpaka upulize praima (rangi ya msingi), maana weupe wa plastiki hii huficha makosa. Hiyo ndiyo kasoro yake kubwa. Puliza praima ya kijivu mapema, kabla hujafika mbali.

Mirija ndiyo mali hasa. Kuanzia kipenyo cha milimita 2.4, kila saizi inazidi ya nyuma yake kwa milimita 0.8, hivyo wa 2.4 unaingia ndani ya wa 3.2, huo ndani ya wa 4, na wa 4 ndani ya wa 4.8. Kata urefu wa milimita 12, 9, 6 na 3, mwembamba ukiwa mrefu kuliko wote, uvivike kimoja juu ya kingine: tayari una bomba la injini lenye ngazi. Wa 2.4 ukichungulia kutoka kwenye wa 3.2 ni mguu wa kutua. Usibonyeze kisu unapokata. Viringisha mrija chini ya wembe raundi tatu nne mpaka uachie wenyewe. Ukuta wake ni mwembamba, ukiukandamiza unageuka yai.

Shiti ni nzuri, ila zina mbadala: kikopo cha mtindi chenye namba 6 ndani ya pembetatu ni polistairini pia, kinatosha kwa mabamba madogo. Chenye 5 kiache, gundi ya polistairini haikishiki. Shiti ya 040 haikatwi moja kwa moja. Pitisha kisu mara mbili tatu kando ya rula ya chuma, kisha ivunje. Kisu huacha kijimwinuko ukingoni. Kikwangue, la sivyo bamba la juu halitalala.

Kwa gundi, Tamiya Extra Thin, ile chupa ya mililita 40 yenye kifuniko cha kijani. Hainati, inayeyusha. Gusanisha vipande, gusisha brashi kwenye mshono, itajivuta yenyewe. Kati ya mirija tone moja tu. Ukizidisha, ukuta wa nje unalainika na kubonyea. Sanduku lililozibwa pande zote ni hatari zaidi: mvuke hubaki ndani, na wiki kadhaa baadaye, rangi ikiwa imeshapakwa, kuta za 010 au 020 zinadidimia. Jenga kiwiliwili kwa 040, tia mbavu za fito kila sentimita 2, na toboa tundu la milimita 2 pasipoonekana.

Shiti zenye michirizi na mawimbi ziache dukani, au zitumie kidogo sana kwenye rejeta. Zilitengenezwa kwa wajenzi wa reli ndogo na majengo yake, na zikitandazwa kwenye chombo cha anga kinafanana na banda la mbao lililofungwa injini.